Jiwe la Kumi na Nne

Kosa langu lina urefu wa mita mia moja na themanini. Nimelipima mwenyewe, kwenda na kurudi, kwa hiyo hakuna haja ya mtu yeyote kunipunguzia wala kuniongezea. Nalitaja mwanzoni kabisa kwa sababu wapo watu mjini wanaosimulia habari hii kana kwamba nililificha chini ya godoro.

Kazi yangu ni kuandika njia. Ramani zinachorwa na ofisi ya ardhi, mimi sizigusi. Napanda baiskeli yenye matairi mapana, naingia barabara za changarawe ambazo mabasi yamezikataa, na kwa kila kona, kila mlima, kila bomba la maji na kila mbwa mkali naandika: kilomita ngapi toka mwanzo, kulia au kushoto, mchanga au mawe. Mwishowe kinatoka kijitabu kinachoenea mfuko wa shati. Mgeni ambaye hajawahi kufika kwetu anakibana kwenye usukani na kuendesha siku nzima bila kumuuliza mtu njia.

Kijitabu cha mwaka huu kinahusu njia ya ngome tatu. Ni kilomita thelathini na nane, maziwa mawili, na ngome tatu za mawe zilizojengwa na watu ambao majina yao yameshasahaulika. Kuta zao bado zimesimama, ilhali ukuta wa choo cha ofisi yetu umeanguka mara mbili tangu niajiriwe.

Hao waliojenga ngome waliziunganisha kwa barabara, na kando ya barabara wakasimika mawe, moja kila mita elfu moja na mia tano. Kila jiwe lina mikato ya kuhesabia: mmoja kwenye jiwe la kwanza, miwili kwenye la pili, na kuendelea. Jiwe la nane liko mlangoni mwa ngome ya pili, kwenye kilomita ya kumi na mbili. Kuanzia la tisa hadi la kumi na tatu hayapo. Yaling'olewa zamani yakajengewa mazizi ya ng'ombe. La kumi na nne ndilo lililonitia matatani.

Toka ngome ya pili barabara inateremka kuelekea ziwa kubwa. Ardhi ya pande zote mbili ilinunuliwa na mtu mmoja ambaye mjini tunamwita Bwana Geti, kwa sababu kabla hata ya kuchimba msingi wa nyumba yake aliweka geti la chuma pale barabara ya zamani inapokata kushoto kwenda ziwani. Hakulifunga, na mlinzi aliyemweka pale hakumzuia mtu. Aliliweka tu, kama mtu anayeweka mkoba kwenye kiti ambacho si chake, aone nani atamuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Watu walifungua, wakapita, wakarudishia. Mama yangu ni mmoja wao. Ana bustani ya mboga kando ya ziwa, na kwa barabara ile ni mwendo wa dakika ishirini toka nyumbani.

Nami nikaandika hivi kwenye kijitabu: "Kilomita 21.0. Hapa pangekuwa na jiwe la kumi na nne. Halipo, pana tope na matete. Kilomita 21.2. Geti la chuma. Fungua, pita, funga. Barabara ni ya watu wote."

Maneno hayo ya mwisho hayakunipendeza mimi peke yangu. Hata mpiga chapa aliyasoma mara mbili, akasema, "Dada Kilomita, hapo umegonga msumari." Mjini wananiita hivyo, Dada Kilomita. Sijawahi kulalamika.

Jumamosi ya kwanza baada ya kijitabu kutoka, waendesha baiskeli tisa walitoka na nakala zao. Walipofika kilomita 21.0 waliona geti upande wa kushoto. Wakatazama kijitabu. Kijitabu kinasema 21.2. Wakaendelea mbele, kwa kuwa pale mbele Bwana Geti amejichongea barabara pana ya kwenda nyumbani kwake, na walipofika 21.2 wakakuta geti la chuma sawasawa na maandishi yangu.

Lilikuwa geti la nyumba yake. Ndani palikuwa na chakula cha mchana, meza kumi juu ya majani, vitambaa vyeupe, wageni waliovaa wakapendeza. Watu tisa wenye matope hadi magotini wakafungua, wakapita katikati ya meza wakisema samahani, samahani, wakatokea uani kwa nyuma, na wa mwisho wao akafunga kwa adabu zote. Mpishi aliniambia baadaye kwamba hata mbwa hakubweka. Alikaa chini akawa anatazama kama mtu aliye sinemani.

Jumatatu asubuhi geti la barabara, lile la kushoto, lilikuwa na mnyororo na kufuli lenye ukubwa wa ngumi.

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeitwa kwa Mkurugenzi wa ofisi yetu. Ofisi yake ina feni inayotazama upande mmoja tu, upande wake. Mezani alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa tayari, imebaki nafasi ya jina langu.

"Binti, weka saini tumalize."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema mimi, mwandishi wa kijitabu, naomba radhi kwa kuonyesha barabara mahali ambapo hakuna barabara. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: nakala kwa ofisi ya ardhi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwisho wa mwezi ofisi ya ardhi hufunga daftari la barabara za umma. Barabara iliyopingwa, kama hakuna alama yoyote ya kuithibitisha, inafutwa, na ikishafutwa inabaki kuwa shamba la mtu. Karatasi ile ilikuwa kisu, na mimi ndiye niliyetakiwa kukishika mpini.

"Mkuu, hii inasema barabara haipo."

"Wewe mwenyewe umeandika. Soma hapa. Jiwe halipo, pana tope na matete. Bwana mkubwa mwenye geti anasema kama alama haipo na pana tope, basi barabara ilipita kwingine. Ametumia maneno yako."

"Niliandika jiwe halipo. Sikuandika barabara haipo. Mama yangu anapita wapi kila asubuhi, angani?"

"Mama yako si ushahidi."

"Mama yangu ana miguu miwili na ndoo mbili. Nenda kamwambie yeye kwamba si ushahidi, mkuu. Mimi nitasimama mbali kidogo."

Katibu muhtasi, aliyekuwa anapanga mafaili kona ya chumba, akakohoa ili asicheke. Mkurugenzi akamtupia jicho, kisha akanigeukia.

"Una mpaka Ijumaa saa nne asubuhi. Usiposaini, mkataba wako unakwisha mwezi huu na sioni mkono utakaouongeza."

Jioni ile Mama alirudi nyumbani ameloa mpaka magotini, kanga imeshika matope. Alitua ndoo, akakaa kwenye ngazi, akavua viatu kimoja kimoja.

"Nimezunguka mlima," akasema. "Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Nani alikutuma uwaambie watu wafunge? Umewaambia wafunge, na mwenzako kafunga."

Nikachukua baiskeli nikaenda kwa Mjomba.

Mjomba ni fundi baiskeli, kaka yake Mama, mwembamba kiasi kwamba wateja wake wanamwita Spoki na yeye anaitika. Karakana yake ni chumba kimoja chenye harufu ya grisi na mpira, magurudumu yananing'inia darini kama vitunguu jikoni. Ndiye aliyenifundisha kupima njia: kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele kinahesabu mizunguko, kila mzunguko una urefu wake, unazidisha, unaandika.

Niliingia nikiwa nachemka. Nikasema wale waendesha baiskeli tisa wana vifaa vibovu, wamenunua vya bei rahisi, wameniharibia.

"Vyote tisa vibovu?" Mjomba akauliza, bila kuinua kichwa. "Vimeharibika kwa makubaliano?"

Nikaegemeza baiskeli ukutani.

"Mpwa wangu, siku ile ulipotoka ngome ya pili, ule mteremko wa mawe makali, uliushukaje?"

"Nilipunguza upepo tairi la mbele. Bila hivyo ningevunjika meno."

"Sawa. Kila mtu anapunguza pale. Ukaujaza tena wapi?"

Nikakumbuka pampu, imefungwa kwenye fremu, haijaguswa. Nikakumbuka nilivyofika chini nikiwa na furaha ya kuliona ziwa, nikaendelea moja kwa moja.

Mjomba aliangalia uso wangu, akaweka chini bisibisi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Upepo! Jamani, Dada Kilomita! Watu wanakufa kwa radi, wewe umeuliwa na upepo!"

"Cheka, cheka. Umemaliza?"

"Bado kidogo." Akacheka tena, kisha akafuta macho kwa kiwiko na kukaa sawa.

Jambo lenyewe ni rahisi. Tairi lililopungua upepo huchuchumaa. Gurudumu linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile, na kifaa hakina macho, kinahesabu mizunguko tu. Kila kilomita moja ya kweli kilinihesabia na mita ishirini za bure. Toka ngome ya pili hadi geti ni kilomita tisa. Tisa mara ishirini.

"Mia na themanini," nikasema.

"Ndio hizo zilizowapeleka wenzio kwenye pilau ya watu."

Niliinamia kijitabu, penseli mkononi. Kosa lilikuwa langu, wazi kabisa, na nilikuwa naliona aibu mpaka masikioni. Lakini penseli iliendelea kwenda, na ilipofika kwenye mstari wa jiwe la kumi na nne ikasimama.

"Mjomba. Kifaa kiliponiambia nimefika 21.0, nilikuwa sijafika."

"Haswa."

"Nilikuwa nyuma, kwenye matete. Nililitafuta jiwe kwenye tope, mita mia na themanini kabla ya mahali pake. Ndio maana sikuliona."

"Na mahali pake ni wapi?"

"Getini."

Tulitazamana. Nilijaribu kukumbuka pale getini pana nini. Nguzo mbili. Mnazi hakuna, mti hakuna. Mlinzi, amekaa. Amekaa juu ya kitu cheupe.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisi ya ardhi kwa Mama Ramani. Huyu ndiye anayetunza lile daftari la barabara, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akikubali ombi mara ya kwanza. Nilimweleza kosa langu lote, bila kulipaka sukari. Akasikiliza.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia umekosea, halafu unataka nikuamini?"

"Sitaki uniamini, mama. Nataka uje uhesabu mwenyewe."

"Gari la ofisi liko gereji tangu mvua za mwaka juzi."

"Mjomba ana baiskeli yenye kiti cha nyuma."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu. "Kiti kina mto?"

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye jiwe la nane, mlangoni mwa ngome ya pili. Mama Ramani alikuwa nyuma ya Mjomba, amekalia mito miwili, daftari limebanwa kwapani. Nilijaza tairi la mbele mbele ya macho yake, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaandika. Kwenye mteremko wa mawe sikupunguza upepo hata kidogo. Mikono ilikufa ganzi, meno yaligongana, mara mbili nilikaribia kuruka juu ya usukani.

"Taratibu, Spoki!" Mama Ramani alikuwa anapiga kelele nyuma yangu. "Mimi si gunia!"

"Gunia lingekaa kimya, mama!"

Chini ziwa likafunguka lote, jeupe kwa jua la asubuhi, na ngome ya tatu ng'ambo kama jino lililobaki. Sikulitazama. Nilitazama kifaa. Tulipita matete, tukapita lile tope nililolichimba kwa fimbo mwezi uliopita kama mwehu. Kifaa kikasema 20.8. Kikasema 20.9. Geti likaonekana, mnyororo unameta. Mlinzi amekaa mahali pake, miguu ameinyoosha. 21.0, na gurudumu langu likasimama nusu hatua toka kwenye viatu vyake.

"Dada, unanikanyaga."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Geti limefungwa, na ufunguo sina."

"Sitaki kupita. Naomba usimame kidogo."

"Nisimame? Usiku kucha nimesimama! Nimekaa sasa hivi tu, ndio unakuja kuniambia nisimame?"

"Dakika moja, baba. Nitakushikia nafasi."

Alisimama, akiguna. Chini yake palikuwa na jiwe refu kama kiti, limezama ardhini, limepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka. Mjomba akatoa chuma chake cha kuvulia matairi, akapiga magoti, akaanza kukwangua. Chokaa ilianguka vipande vipande. Ukatokea mkato mmoja, ukafuatiwa na mwenzake. Mama Ramani alishuka kwenye baiskeli peke yake, kitu ambacho nilidhani hakiwezekani, akainama, akapitisha kidole juu ya mikato, midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika mwisho alirudia toka mwanzo.

"Kumi na minne," akasema.

"Miaka mitatu nimekalia hesabu!" mlinzi akasema, akijishika kiuno.

Hapo Bwana Geti akatokea, ametembea haraka toka nyumbani, kandambili miguuni, simu mkononi.

"Nyie! Mnaharibu mali yangu!"

Nilivuta pumzi nimjibu. Mama Ramani akanigusa bega kwa kalamu, nikaiacha pumzi itoke.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema kwa sauti laini ambayo sikujua anayo. "Tunauliza tu. Jiwe hili ulilileta na lori kutoka wapi? Maana kama ni la kuokota barabarani huko, hilo ni kosa kubwa."

"Lori? Lori gani? Mimi siokoti mawe, mama! Nililikuta hapo hapo. Limezama mpaka kiunoni. Vijana sita walishindwa kuling'oa, wamesukuma siku nzima, ndio nikasema basi, lipakeni chokaa, mlinzi atakalia."

"Vijana wangapi?"

"Sita!"

"Sita," Mama Ramani akarudia, akaandika. "Walishindwa. Halikuhamishwa. Unaweza kuweka saini hapa, kwamba hukulihamisha? Ili usisumbuliwe."

Bwana Geti alichukua kalamu. Alikuwa ameshaanza herufi ya kwanza ya jina lake alipoinua macho na kuona uso wa Mjomba, ambaye hajawahi kujua kuficha kicheko maishani mwake. Kalamu ikasimama.

"Haidhuru," Mama Ramani akasema, akafunga daftari. "Mashahidi tuko wanne na wewe wa tano."

Ijumaa kabla ya saa nne, barua ya ofisi ya ardhi ilikuwa imeshafika kwa Mkurugenzi: barabara imeandikwa, kufuli litolewe leo. Nami nilifika na sanduku. Ndani mlikuwa na nakala zote mia nne zilizokuwa hazijauzwa, na kwenye kila moja nilikuwa nimebandika kwa mkono wangu kipande cha karatasi: kilomita zote toka ngome ya pili zimesahihishwa, mwandishi alisahau kujaza upepo. Wale waendesha baiskeli tisa nilikuwa nimeshawaandikia mmoja mmoja na kuwaomba msamaha kwa kuwapoteza njia. Saba walijibu kwamba zile meza ndizo zilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za safari.

Mkurugenzi aliitazama barua, akalitazama sanduku, akafungua droo, akatoa karatasi mpya. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Barabara haikutajwa kabisa.

"Binti, umeshinda. Sawa. Hii ni sentensi moja tu. Unamwomba radhi yule bwana kwa usumbufu. Chakula chake kiliharibika, heshima yake imeguswa mbele ya wageni, jana umekwenda kumkwangulia jiwe getini. Roho yake itulie, na mkataba wako nauongeza leo leo."

Niliisoma. Ilikuwa na nafasi ya jina langu, kama ile ya kwanza, na mstari ulionyooka vizuri.

"Mkuu, toka Jumatatu hadi jana mama yangu amezunguka mlima mara nane, na ndoo kichwani. Yeye ameandikiwa sentensi ngapi?"

"Hayo ni mengine."

"Ni hayo hayo. Kosa langu lilikuwa la mita mia na themanini. Nimelitaja, nimelisahihisha, nimelibandika mara mia nne mpaka vidole vimeshikana kwa gundi. Waliopotea kwa sababu yangu nimewaomba msamaha. Yeye hakupotea. Yeye alifunga."

"Fikiria mkataba."

"Nimeshafikiria. Karakana ya Mjomba ina meza, na mpiga chapa ananijua."

Mkurugenzi aliegemea kiti, akamgeukia katibu muhtasi kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Mwandikie basi chochote, aweke saini aende. Lazima faili liwe na jibu."

Katibu muhtasi akavuta mashine karibu, akaweka karatasi, akaweka vidole tayari. Akanitazama mimi.

"Niandike nini, dada?"

"Andika tarehe," nikasema. "Chini yake andika: Siombi radhi. Halafu niachie nafasi ya saini."